Pete Ilianguka

Msomaji wangu, nadhani ulipokuwa mdogo ulipata kukimbiza ringi ya baiskeli kuukuu njiani, ukiipigapiga kwa kijiti. Basi wajua jinsi ringi ilivyo kaidi. Ukiigusa vibaya kidogo huenda kusikotakiwa. Ukiiachia hujiviringishia mtaroni kana kwamba ina safari yake yenyewe. Sasa nakuomba ufikiri juu ya wasichana watano waliosimama juu ya zulia, kila mmoja na pete yake kubwa, na muziki unalia. Ghafula pete zote tano zinakwenda juu. Kila msichana anaiacha yake, anabingirika chini mara moja, na anapoinuka anadaka pete iliyorushwa na mwenzake aliye nyuma ya mgongo wake. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya binti mmoja wa Estonia tangu umri wa miaka sita mpaka kumi na tisa. Nilikaa nyumbani kwao miezi mitano. Nataka kukusimulia habari zake, kwa sababu nilikuwa na jambo moyoni kabla sijamjua, naye alilitoa nje pasipo kukusudia.

Kwanza nchi yenyewe. Estonia iko kaskazini mwa Ulaya, kwenye pwani ya bahari ya Baltiki, na wenyeji wake hawafiki milioni moja na nusu. Jiji letu la Nairobi peke yake, katika hesabu ya mwaka 2019, lilikuwa na watu zaidi ya milioni 4. Lugha yao haina udugu na Kijerumani wala Kirusi, ijapokuwa Wajerumani na Warusi waliwatawala kwa karne nyingi. Jamaa yake wa karibu ni Kifini, kisemwacho ng'ambo ya maji, mwendo wa saa mbili hivi kwa meli. Waliutangaza uhuru wao tarehe 24 Februari 1918, wakaupoteza mwaka 1940 walipomezwa na Muungano wa Sovieti, wakaurudisha mwaka 1991.

Taifa dogo namna hii limezoea kufanya mambo kwa umoja wa watu wengi. Tangu mwaka 1869 wana sikukuu ya nyimbo ambayo maelfu ya waimbaji husimama pamoja wakawa kwaya moja. Mwaka 1934 walifanya Tallinn, mji wao mkuu, sikukuu kubwa ya ngoma na mazoezi ya viungo. Miongoni mwa walimu wa mazoezi wa zama zile alikuwako bwana mmoja, jina lake Ernst Idla. Vita vilipowageukia tena mwaka 1944, watu wengi walivuka bahari kwa mashua kukimbilia Uswidi, naye akiwamo. Huko alikusanya wasichana akawafundisha, wakazunguka nchi nyingi wakionyesha mazoezi yao, hata wakajulikana kwa jina lake. Mwestonia mwingine, Evelyn Koop, alihamia Kanada akawa mmoja wa walioipanda jimnastiki ya mahadhi katika nchi ile. Hivi mchezo huu ulisafiri pamoja na wakimbizi, na waliobaki nyumbani hawakuuacha.

Jimnastiki ya mahadhi ni mazoezi ya viungo yafanywayo kwa kufuata muziki, pamoja na vifaa vya mkononi: kamba, pete, mpira, virungu viwili, au utepe mrefu. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mtu mmoja mmoja yalikuwa Budapest mwaka 1963. Ya makundi yalianza Copenhagen mwaka 1967. Katika Olimpiki mchezaji mmoja mmoja aliingia mwaka 1984, na makundi yakangoja mpaka Atlanta, mwaka 1996, ambako wasichana wa Hispania walishinda. Lakini sikukalia kiti hiki kukusomea tarehe. Turudi kwa binti yangu.

Mwezi wa Januari mwaka 2018 nilikuwa mkufunzi mchanga katika chuo cha ualimu, nikapelekwa Tallinn kwa muhula mmoja kujifunza jinsi wenzetu wanavyowafunza walimu. Nilipangiwa nyumba ya mama mmoja mjane, mshoni, aliyekuwa na binti wa miaka kumi na minane. Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe hakupenda kutajwa, na sababu yake utaiona. Nilifika usiku saa kumi za alasiri! Usicheke, msomaji. Katika nchi ile wakati wa kaskazi yetu jua huchomoza mchana ukikaribia, likazama kabla watoto hawajafika nyumbani kutoka shule. Theluji ilikuwa imefika magotini. Yule mama alinipa supu na mkate mweusi mchachu, akanionyesha chumba changu, kisha akarudi mezani akaendelea na kazi yake, kubandika vijiwe vya kung'aa juu ya vazi la kuchezea, kimoja kimoja, kwa kibano. Nilihesabu vijiwe vya mkono mmoja nikachoka. Mavazi yalikuwa matano, yote sawa.

Binti aliingia saa tatu usiku, mabegani amebeba mfuko wa duara kama sinia. Ndani yake mlikuwa na pete.

Yafaa ujue sheria kidogo, maana bila sheria hutauona uzito wa mambo. Zulia lina mita 13 kila upande. Wachezaji ni watano, wala si wanne. Mchezo mmoja huchukua dakika mbili na robo hadi dakika mbili na nusu. Mwaka ule makundi ya wakubwa yalikuwa na michezo miwili: mmoja wa pete tano, mwingine wa mipira mitatu na kamba mbili. Pete ina upana wa sentimita 80 hadi 90 na uzito usiopungua gramu 300, nayo ni ya plastiki. Kitu kikianguka, waamuzi hupunguza nusu ya alama. Mchezaji akipiga hatua tatu au zaidi kukifuata, alama nzima. Na kikivuka mpaka wa zulia, kuna adhabu nyingine juu yake. Kando ya zulia huwekwa pete za akiba, zimelala kimya. Binti aliniambia kwamba mtoto mdogo anapoanza huziona zile pete kuwa mapambo, na kwamba siku atakapozielewa ndiyo siku atakapoanza kuogopa.

Maisha yake niliyajua kwa kuyaona. Alianza akiwa na miaka sita, kwa kuwa jirani alikuwa akimpeleka mtoto wake na ndani ya gari palikuwa na nafasi. Kwa miaka mingi alicheza peke yake na pamoja na wengine. Alipotimiza kumi na mbili mwalimu wake alimwambia wazi kwamba hatakuwa nyota wa peke yake, mgongo wake haukuwa laini vya kutosha, lakini ana macho. Maana yake aliona vitu vilipo bila kuvitazama. Akatiwa katika kundi. Tangu hapo alikwenda shule, akatoka shule, akapanda tramu, akaingia ukumbini, akatoka usiku, siku sita kwa juma. Vidole vyake vya miguu vilikuwa na sugu kama vya mkulima. Alivaa viatu vya ajabu vinavyofunika vidole tu, kisigino wazi. Hakuwa na picha yake peke yake ukutani; picha zote zilikuwa za watu watano, na wageni walimwuliza mama yake, "Wako ni yupi?"

Niliruhusiwa kuwatazama mazoezini. Nilitazamia kuona uzuri, nikaona kuhesabu. Mwalimu wao, mama mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, alihesabu kwa Kiestonia saa nzima: moja, mbili, tatu, nne, mpaka nane, tena moja. Hakusifu. Mtu aliyerusha vizuri aliachwa. Aliyerusha vibaya alirudia. Mara nyingine sauti yake ilinikera, nikaona ni mkali kupita kiasi kwa wasichana waliochoka vile. Na hata leo sijabadili rai hiyo. Lakini baada ya majuma mawili niligundua jambo. Alikuwa akitaja pete, mkono, hatua, hesabu. Jina la mtu alilitaja mara chache sana.

Tarehe 24 Februari nchi ile ilitimiza miaka 100. Alfajiri, katika baridi iliyouma masikio, tulikwenda watatu kuiona bendera ikipandishwa juu ya mnara wa kale uitwao Pikk Hermann, bendera ya samawati, nyeusi na nyeupe. Umati uliimba. Binti alisimama kati yetu akiwa amefumba macho, na nilidhani anaomba. Mama yake alininong'oneza kwamba anapitia mchezo wa pete kichwani. Mashindano yalikuwa yanakaribia.

Sasa msomaji, kabla sijakupeleka kwenye mashindano hayo, nakuomba uje nami nyumbani Kenya, miaka mitano nyuma. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nikafundisha shule moja ya wasichana, nami nilikuwa na ari kubwa. Niliwatayarisha wanafunzi arobaini kughani shairi kwa pamoja katika tamasha la muziki. Tulifanya mazoezi muhula mzima. Siku ya siku, katikati ya shairi, sauti zote zilinyamaza kwa makusudi ili msichana mmoja wa kidato cha pili aseme mstari mmoja peke yake. Akasimama. Mstari ukamtoka kichwani. Kimya kile nakisikia hata sasa. Wenzake waliendelea baada ya muda, lakini jambo lilikuwa limeharibika, na hatukuendelea mbele. Katika basi la kurudi nilisimama, nikashika chuma cha kiti, nikamtaja kwa jina lake mbele ya wote. Nilisema kwamba watu thelathini na tisa wamefanya kazi ya miezi mitatu, na mtu mmoja ameiangusha. Sikupaza sauti. Nilidhani kutopaza sauti ndiko kuwa mwema.

Basi. Mashindano yalikuwa Tartu, mji wa chuo kikuu, mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi kupitia misitu. Nilipewa nafasi katika basi la wachezaji. Ukumbini kulinukia dawa ya nywele. Wakaingia watano, nywele zimefungwa fundo moja kila mmoja, mavazi yale yakimetameta, na kwa mara ya kwanza hata mimi nilimtafuta binti wangu nisimwone upesi.

Dakika ya kwanza ilikuwa kama maji. Sijui namna ya kukueleza; pete zilipita kati yao kana kwamba zina kamba zisizoonekana. Kisha wakarusha zote tano. Nne zilidakwa. Ya tano iligonga kiganja cha binti, ikaanguka kwa ukingo wake, ikajiviringisha. Ilikwenda polepole, msomaji, polepole kama ile ringi yako, ikavuka mstari, ikaenda mpaka kwenye miguu ya meza ya waamuzi. Ukumbi mzima ulivuta pumzi.

Nami nikafanya nilivyozoea kufanya: nikatafuta uso wa mkosaji. Sikuupata. Binti alikwisha kimbia ukingoni, akachukua pete ya akiba, akarudi. Lakini tazama lililotokea nyuma yake. Msichana aliyepaswa kupokea pete kutoka kwake alikuwa tayari amesogea hatua mbili nje ya nafasi yake, ili umbali uwe mfupi. Wa tatu akasogea kuziba pengo la huyo. Umbo lao lilipindika, kisha likanyoka. Hakuna aliyegeuza kichwa kumwangalia mwingine. Walimaliza wote pamoja na pigo la mwisho la muziki, mikono juu, na kama ungeingia ukumbini dakika hiyo usingejua kwamba kuna kitu kilichoanguka.

Alama walizipata chache. Waliketi kwenye benchi la kungojea matokeo wamebanana, magoti yakigusana, na tarakimu zilipotokea mmoja wao alilia. Hakuwa binti.

Nilipanda basi nikiwa na woga. Nilijua kinachofuata, mimi mwenyewe ni mwalimu. Na kweli, tulipotoka nje ya mji yule mama mwenye sauti ya kukwaruza alisimama, akashika chuma cha kiti. Moyo wangu ulidunda. Akatuhesabu tulivyo, akagawa matofaa, akaketi. Mpaka Tallinn hakusema neno la pete.

Usiku ule jikoni nilimwuliza binti, kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha tuliyoshirikiana, "Nani aliangusha?"

Akanijibu, "Pete ilianguka."

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia swali kwa maneno mengine, kama nafanya somo la sarufi. Alicheka kidogo kwa uchovu. Akaniambia, "Mwalimu, nimeelewa. Labda ilirushwa chini kidogo. Labda mimi nilichelewa nusu hatua. Jumatatu tutaitazama katika filamu, tutajua. Lakini pale juu ya zulia zimebaki sekunde arobaini. Nikianza kutafuta nani, pete inayofuata itanipiga usoni." Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza: "Usituone malaika. Aliyenirushia ni rafiki yangu, na nimemwandikia ujumbe mara tatu tangu jioni. Hajibu." Siku mbili zilipita kabla hajajibu.

Hapo nikamsimulia habari za yule mwanafunzi wangu. Sikuwa nimemsimulia mtu mwingine yeyote. Alisikiliza huku akisugua mguu wake kwa marhamu, nami nilitarajia aniambie kwamba nilikosa, au kwamba sikukosa. Hakusema hili wala lile. Aliuliza, "Alirudi mazoezini?"

Nikasema, "Hakurudi. Aliacha kughani kabisa."

"Basi mlibaki wangapi?"

"Thelathini na tisa."

Alifikiri. "Sisi mmoja akiondoka," akasema, "hatuna kundi. Wanne hawaruhusiwi kushindana. Ninyi mliweza kuendelea?"

Tuliweza. Hilo ndilo lililonichoma, msomaji wangu, kuliko lawama. Mwaka uliofuata tulighani shairi jingine, tukafika mbali, wala hapana mtu aliyeona pengo.

Jumatatu nilikwenda ukumbini kwa makusudi. Waliitazama filamu mara moja tu. Kosa lilikuwa la wote wawili: mrusho ulikuwa chini kwa upana wa kiganja, na mdakaji alichelewa. Mwalimu hakutoa hotuba. Aliwasimamisha wawili wale, akawafanya warudie mrusho ule. Nilihesabu zaidi ya mara themanini nikapotea. Halafu akawabadilisha. Aliyekuwa akirusha akawa mdakaji, na mdakaji akawa mrushaji, ijapokuwa katika mchezo wenyewe nafasi zao hazingebadilika kamwe. Nilimwuliza sababu kupitia kwa binti. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha, akasema kwamba kila mmoja hana budi kujua pete inaonekanaje kutoka upande wa pili.

Niliondoka mwezi wa Juni, usiku wao ukiwa mweupe bila giza. Niliporudi Kenya nilichukua muda kumtafuta yule msichana wa kidato cha pili, ambaye kwa wakati huo alikuwa mtu mzima, ameajiriwa katika duka la dawa. Nilimpata mwaka uliofuata.

Mwaka huohuo, 2019, binti aliniandikia barua ndefu. Alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa, na mgongo ulikuwa umemwambia basi. Mashindano yake ya mwisho na pete yalikuwa ya kawaida tu, katika ukumbi usiojaa. Hakukuwa na kombe wala sherehe. Mwalimu alimpa mkono, akamwambia arudishe funguo za kabati. Alilia siku tatu, kisha akalala siku nyingi, jambo ambalo tangu utoto wake hakupata kulifanya. Baadaye alijiunga na chuo kikuu Tartu. Huko alipata kundi la namna nyingine, ambalo watu wa Finland na Estonia wanalipenda sana, na ambalo mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Helsinki mwaka 2000. Ndani yake huwamo watu sita hadi kumi, na wanawake waliokwisha kutoka katika ujana wa kwanza hucheza pamoja na wadogo zao. Hawashiki pete, wala mpira, wala utepe. Hutumia miili yao tu, na mara kwa mara humwinua mwenzao juu.

"Sasa hatuna kitu cha kuangusha," aliandika, "isipokuwa sisi kwa sisi."

Mwisho wa barua aliniuliza kama nilimpata yule msichana wa shairi, na kama alisema lolote. Nilimjibu kwamba nilimpata, nikamwomba radhi nyuma ya kaunta yake, wateja wakingoja. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba ule mstari aliukumbuka tungali ndani ya basi, nilipokuwa nimesimama nikisema, na akanitajia wote, neno kwa neno.